Hesabu zinazosikika: Jinsi kompyuta inavyomfungulia asiyeona mlango wa hisabati

KOMPYUTA yenye programu ya sauti inaweza kumsomea mtu asiyeona gazeti zima, kuanzia kichwa cha habari hadi tangazo la mwisho, lakini ikifika mahali penye hesabu ya sehemu au kipeuo, mara nyingi hunyamaza au hutamka jambo ambalo halikuandikwa.

Ukimya huo una gharama kubwa. Mwanafunzi asiyeweza kuifikia hisabati hufungiwa pia fizikia, uhasibu, benki, takwimu na kompyuta yenyewe, hata kama akili yake ni nyepesi kuliko ya wenzake wote darasani.

Katika Mkoa wa Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita, ambako riziki ya watu wengi hupimwa kwa mizani, iwe gramu za dhahabu au kilo za pamba, kutojua hesabu ni kuishi kwa kutegemea uaminifu wa mtu mwingine.

Manispaa ya Shinyanga ina Shule ya Msingi Buhangija, ambayo hupokea watoto wasioona, viziwi na wenye ualbino pamoja na wanafunzi wengine. Shule hiyo ilijulikana zaidi nchini wakati wa wimbi la mauaji ya watu wenye ualbino katika Kanda ya Ziwa, lililoshika kasi kuanzia mwaka 2007, pale watoto wengi walipopelekwa humo kwa ajili ya usalama wao.

Watoto wenye ualbino kwa kawaida huwa na uoni hafifu. Kwa hiyo suala la namna ya kusoma hesabu bila kutegemea ubao wa mwalimu linawagusa wao pia, na wala si wale tu wasioona kabisa.

Tatizo liko wapi?

Maneno ya kawaida hufuatana katika mstari mmoja, na sauti nayo hutembea katika mstari mmoja. Ndiyo maana si kazi ngumu kwa kompyuta kusoma barua, habari au hadithi.

Hisabati haiandikwi hivyo. Namba moja hukaa juu ya nyingine, kipeo hupanda begani mwa namba, alama ya kipeuo hufunika namba kadhaa kwa pamoja, na jedwali husomwa kwa safu na kwa mistari. Mahali ilipo namba ni sehemu ya maana yake.

Tuchukue mfano wa mwalimu anayesema darasani: "saba kujumlisha moja juu ya mbili." Anayeona ubao hupata jibu bila wasiwasi, kwa kuwa anauona mstari wa sehemu umeanzia wapi na kuishia wapi.

Asiyeona anabaki na hesabu mbili. Kama mstari umebeba saba na moja kwa pamoja, jibu ni 4. Kama umebeba moja peke yake, jibu ni 7.5. Maneno aliyoyasikia ni yaleyale.

Mfano wa pili ni wa kipeo. Tano kwa kipeo cha pili ni 25, lakini ikiandikwa kwa namba 2 ndogo iliyoinuliwa juu, programu nyingi za sauti huweza kuitamka "hamsini na mbili", kwa sababu zinaona tarakimu mbili zilizokaa jirani.

Alama ya kutoa nayo huweza kupotea. Programu hizo zina mipangilio ya kuruka vituo na vistari ili usomaji usichoshe, na kistari kidogo kilichowekwa badala ya alama ya hasi huweza kurukwa pamoja navyo. Hasi nane ikageuka nane.

Hali huwa mbaya zaidi pale kitabu kinapopigwa picha na kuwekwa kwenye kompyuta. Kwa jicho ni ukurasa wa hesabu, lakini kwa programu ya sauti ni picha tupu isiyo na hata tarakimu moja.

Kutoka vidoleni hadi kwenye sauti

Historia inaonyesha kuwa kutoona hakumzuii mtu kuwa mwanahisabati. Nicholas Saunderson wa Uingereza, aliyepofuka kwa ndui akiwa mtoto mchanga, aliteuliwa mwaka 1711 kuwa profesa wa hisabati Chuo Kikuu cha Cambridge, katika kiti kilichowahi kukaliwa na Isaac Newton.

Leonhard Euler, mmoja wa wanahisabati wakubwa kupata kutokea duniani, alipoteza karibu kabisa uwezo wake wa kuona mwaka 1766. Hata hivyo, hadi kifo chake mwaka 1783 aliendelea kutoa kazi nyingi, akikokotoa kichwani na kuwatamkia wasaidizi waandike.

Lakini Euler alikuwa na wasaidizi, na alikwisha kuijua hisabati kabla ya kupofuka. Mtoto anayezaliwa haoni anahitaji njia ya kusoma na kuandika mwenyewe.

Njia ya kwanza ilikuwa maandishi ya nukta nundu, yaliyobuniwa na Louis Braille wa Ufaransa katika miaka ya 1820. Nukta sita zinazopangwa kwa namna tofauti hutoa alama 63 tu, na alama hizo hazitoshi kwa herufi, vituo, tarakimu na ishara zote za hisabati.

Ndiyo maana tarakimu za nukta nundu za kawaida huazima herufi kumi za kwanza, zikitanguliwa na alama maalumu inayomjulisha msomaji kwamba zinazofuata ni namba.

Katika miaka ya 1940, Mmarekani Abraham Nemeth, ambaye hakuwa akiona tangu utotoni, alibuni mfumo wa nukta nundu wa hisabati unaojulikana kwa jina lake. Nemeth aliwahi kushauriwa aachane na hisabati kwa kuwa haoni, akasoma saikolojia, kisha akairudia hisabati na kuifundisha chuo kikuu.

Mfumo huo ulimwezesha msomaji kujua kwa vidole sehemu inapoanza na inapoishia. Nchi zinazofuata desturi ya Uingereza zilikuwa na mfumo wao, na hadi leo programu ya kompyuta hulazimika kuambiwa mwanafunzi amefundishwa upi.

Hatua ya sauti ilikuja baadaye. Mwaka 1994, T. V. Raman, mtaalamu wa kompyuta mzaliwa wa India ambaye haoni, aliwasilisha katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, utafiti wa shahada ya uzamivu uliozaa programu iitwayo AsTeR, iliyoweza kusoma kwa sauti maandishi ya kisayansi yenye hesabu nzito.

Raman alitumia mabadiliko ya sauti kuonyesha yale ambayo jicho huyaona. Kwa mfano, kipeo kilisomwa kwa sauti nyembamba zaidi, ili sikio lijue namba hiyo imepanda juu.

Programu inavyofanya kazi

Ili kompyuta isome hesabu kwa usahihi, mambo matatu hupaswa kukamilika.

La kwanza ni hesabu kuandikwa kwa namna inayohifadhi muundo wake. Lugha ya kompyuta iitwayo MathML, iliyoidhinishwa mwaka 1998 kwa ajili ya kurasa za intaneti, hufanya kazi hiyo kwa kueleza hapa pana sehemu, juu yake pana hiki, chini yake pana kile.

Mfumo mwingine ni LaTeX, unaotumiwa na wanasayansi duniani kote. Wenyewe huandikwa kwa mstari mmoja kwa herufi za kawaida, hivyo mtu asiyeona anaweza kuusoma na kuuandika moja kwa moja akishauzoea.

La pili ni programu inayogeuza muundo huo kuwa sauti au nukta nundu. Miongoni mwa zilizotangulia ni MathPlayer ya kampuni ya Design Science ya Marekani, ambayo haiendelezwi tena. Neil Soiffer, mmoja wa wataalamu walioitengeneza, ndiye aliyeandika baadaye MathCAT, ambayo hutolewa bure.

MathCAT hufanya kazi pamoja na NVDA, programu ya kusoma skrini iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye haoni, na kuendelezwa pamoja na mwenzake James Teh, naye asiyeona. NVDA pia hailipiwi, tofauti na JAWS, ambayo ni ya kibiashara na leseni yake hununuliwa.

La tatu, na pengine ndilo muhimu kuliko yote, ni uwezo wa mtumiaji kutembea ndani ya hesabu. Mtu anayeona hasomi mlinganyo mrefu mara moja akamaliza. Jicho hurudi, hushuka chini ya mstari, hupanda kwenye kipeo, kisha huendelea.

Programu ya kisasa humpa asiyeona uhuru huo kwa vitufe vya mishale. Hubonyeza mshale wa kwenda chini akaingia ndani ya sehemu, akasikiliza kiasi peke yake, akasogea kwenye asili, kisha akatoka na kuusikiliza mlinganyo mzima tena.

Kwa njia hiyo utata wa "saba kujumlisha moja juu ya mbili" huondoka. Programu hutamka mwanzo wa sehemu, husoma kilicho juu, husema "chini ya mstari", kisha hutamka mwisho wa sehemu.

Anayependelea vidole huunganisha kompyuta na kifaa cha nukta nundu, ambacho vijiti vyake vidogo hupanda na kushuka kufuata kila mstari. Sauti hupita na kusahaulika, lakini nukta hukaa chini ya kidole hadi msomaji aridhike. Walimu wengi wa wasioona huona vema mwanafunzi awe na njia zote mbili.

Grafu na michoro huhitaji mbinu nyingine. Zipo programu, ikiwamo Desmos, zinazougeuza mstari wa grafu kuwa mlio: mstari ukipanda, mlio hupanda, ukishuka, mlio hushuka. Mwanafunzi husikia mahali grafu ilipofika kileleni.

Pale ambapo hakuna kompyuta, uzi na gundi juu ya karatasi ngumu bado huweza kuonyesha pembetatu kwa vidole, na chombo hicho hakipaswi kudharauliwa.

Kiswahili nacho kina sehemu yake

Sauti ya Kiswahili ipo. Programu ya bure ya eSpeak, inayotumiwa na NVDA, hutamka Kiswahili miongoni mwa lugha nyingi, ingawa kwa lafudhi kavu ya mashine.

Hata hivyo, sauti pekee haitoshi. Kanuni za kutamka hisabati huandikwa lugha kwa lugha, na watu wanaojua jinsi hesabu inavyosemwa darasani katika lugha hiyo.

Mfano mdogo unatosha. Moja chini yake tatu, kwa Kiswahili, huweza kuwa "theluthi", "moja ya tatu" au "moja juu ya tatu". Robo tatu hueleweka na kila mtu sokoni, lakini hakuna neno jepesi kama hilo kwa saba chini yake kumi na tisa.

Maneno "kipeo" na "kipeuo" nayo yanatofautiana kwa irabu moja tu ilhali maana zake zinapingana: moja ni kuzidisha namba kwa yenyewe, jingine ni kuirudisha ilikotoka. Sikio lililochoka, au sauti ya mashine isiyo safi, huweza kuyachanganya.

Jambo hili lina uzito kwa sababu katika shule za msingi za Serikali hisabati hufundishwa kwa Kiswahili, na mwanafunzi huhamia Kiingereza anapoingia sekondari. Asiyeona hubeba mizigo miwili wakati huo: lugha mpya ya somo na lugha mpya ya mashine.

Hesabu ya dhahabu

Soko la dhahabu lililofunguliwa Geita mwaka 2019 ni mahali pazuri pa kuona kwa nini suala hili si la darasani peke yake. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2017 yaliweka mrabaha wa dhahabu kuwa asilimia 6, na ada ya ukaguzi asilimia 1.

Tuseme mtu ana gramu 12.6 na bei, kwa urahisi wa kukokotoa, ni Sh 100,000 kwa gramu. Thamani yake ni Sh 1,260,000. Asilimia 7 ya fedha hizo ni Sh 88,200, na kinachobaki ni Sh 1,171,800.

Mtu asiyeona anayeweza kuifuata hesabu hiyo mwenyewe, kwa simu au kompyuta inayozungumza, hadhulumiki kirahisi. Nukta ya desimali ikirukwa na mashine, gramu 12.6 hugeuka 126. Asiyejua desimali hatashtuka.

Ukanda huu una sababu nyingine ya kulitazama suala hili kwa makini. Uchimbaji mdogo ni kazi ya hatari kwa macho. Wapo wanaovunja mawe kwa nyundo bila miwani ya kinga, na wapo wanaofanya kazi karibu na baruti na makarasha.

Mtu mzima anayepoteza macho kwa ajali ya namna hiyo hutofautiana na mtoto aliyezaliwa haoni. Hesabu anaijua tayari, ila vidole vyake havijazoea nukta nundu, na kuzijifunza ukubwani huchukua muda. Kwake programu ya sauti huwa njia ya haraka zaidi ya kurudi kwenye daftari la biashara yake.

Sheria inasemaje

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, kisha Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, inayotambua haki yao ya kupata elimu kwa usawa na wengine.

Mwaka 2020 nchi ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, unaoruhusu vitabu kugeuzwa kuwa nukta nundu, sauti au maandishi ya kompyuta kwa ajili ya wasioona bila kumwomba ruhusa kila mwenye hakimiliki.

Mkataba huo unaondoa kikwazo cha kisheria, lakini hauandiki upya kitabu cha hisabati. Mtu lazima akae, aandike kila mlinganyo kwa mfumo unaosomeka, kisha mwingine ahakiki kwa masikio au vidole.

Kuhusu fedha, mzigo mkubwa si programu, kwa kuwa zilizo bora zinapatikana bure. Mzigo ni kompyuta zenyewe, umeme wa uhakika, vifaa vya nukta nundu na, zaidi ya yote, walimu waliofundishwa kuvitumia.

Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanazitaka kampuni za madini kuandaa mipango ya huduma kwa jamii kwa kukubaliana na halmashauri zinazohusika. Halmashauri za ukanda huu, zilizo jirani na migodi kama Geita na Bulyanhulu, zinayo basi meza ambayo mahitaji ya wanafunzi wasioona yanaweza kuwekwa sawa na mahitaji ya madarasa na zahanati.

Jirani zetu wa Kenya wamepiga hatua ya kuangaliwa. Taasisi ya inABLE, iliyoanzishwa mwaka 2009, imeweka maabara za kompyuta katika shule za wasioona, ikiwamo ya Thika. Kilimanjaro Blind Trust Africa, yenye makao yake Nairobi, imekuwa ikisambaza vifaa vya kielektroniki vya nukta nundu vyenye bei nafuu na kukarabati mashine za zamani katika nchi za Afrika Mashariki.

Yanayoweza kuanza bila kusubiri

Yapo mambo ambayo mwalimu wa shule yoyote, yenye kompyuta moja tu, anaweza kuyafanya.

Kwanza, kuandika hesabu kwa mstari mmoja na kutumia mabano bila kuyaonea haya. Sehemu iliyobeba saba na moja huandikwa (7+1)/2, na hakuna programu itakayoichanganya na 7+(1/2).

Pili, kutumia sehemu maalumu ya kuandika milinganyo iliyomo katika programu ya Microsoft Word badala ya kubandika picha ya hesabu. Mlinganyo ulioandikwa hivyo huweza kusomwa na programu za sauti, na mwenye uoni hafifu anaweza kuukuza bila herufi kufifia.

Tatu, kutamka kwa ukamilifu anapoandika ubaoni. Mwalimu anayesema "hii ukiitoa hapa unapata hii" amewasaidia wanaoona tu. Anayesema "toa tatu pande zote mbili, inabaki x sawa na tisa" amewasaidia wote arobaini darasani, akiwamo yule wa nyuma asiyeona ubao kwa sababu ya uoni hafifu ambao hajapimwa.

Nne, kumwacha mwanafunzi aandike jibu lake mwenyewe. Programu inayosoma tu humfanya msikilizaji. Inayomruhusu kuandika, kufuta na kusahihisha humfanya mwanahisabati, na mwalimu wake huona kwenye skrini hatua kwa hatua mahali alipokosea.

Kwa miaka mingi somo la Hisabati limekuwa miongoni mwa yale yenye ufaulu wa chini kabisa katika mtihani wa kidato cha nne nchini, hata kwa wanafunzi wenye macho mazima. Mwanafunzi asiyeona akifeli hisabati baada ya kufundishwa, amefeli kama wenzake na anaweza kurudia mtihani. Yule ambaye hakuwahi kuisikia ikisomwa sawasawa bado hajapewa nafasi ya kuijaribu.